Muuaji Alipika, Polisi Wakala

Wasee, kama mnadhani za kitambo zinaboo, tafuteni Lamb to the Slaughter, moja ya Tales of the Unexpected, Uingereza, 1979. Mume wa Mary ni polisi. Jioni moja anamwambia anamwacha. Mary anamgonga kichwa na mguu wa kondoo uliogandishwa, kisha anauweka kwa oveni. Wapelelezi wanatafuta silaha nyumba nzima, halafu wanakaa mezani wanaila!

Wengi husifu ujanja wa Roald Dahl, aliyetunga hadithi. Mimi naona dharau. Hao wanaume walimwona tu mama wa jikoni, wakaamua huyu hawezi.

Simpigii Mary makofi, ameua mtu. Lakini manze, ukimdharau mtu, utakula ushahidi na ulambe vidole.