Kipakatalishi cha Mbao: Maoni Kuhusu Msamiati wa Ndani ya Mashine

Wahenga walinena kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ilizaliwa na watu waliokijua chombo chao pande zote. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani ambako maji hukusanyika. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba, kuhusu kompyuta, sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekwenda tezi na omo kwa muda mrefu pasipo kushuka ngamani. Sikufikia maoni haya maktabani. Niliyafikia nilipoketi sakafuni mjini Malindi nikiunda kompyuta ya kubebeka kwa vipuri vya kompyuta ya mezani, nikaishiwa na maneno katikati ya kazi.

Nianze na haja yenyewe. Utafiti wangu wa uzamili unahusu ngano zinazosimuliwa na wazee katika vijiji vya bara, nyuma ya Malindi, ambako baadhi ya nyumba hazina umeme hadi leo. Katika safari yangu ya kwanza nilirekodi ngano za bibi mmoja, nikarejea mjini kuzinakili. Niliporudi kwake na maswali yangu miezi minne baadaye, nilikuta matanga yamekwisha. Maneno 11 ya ngano zake yamebaki na alama ya kuuliza katika tasnifu yangu, na sidhani kama yupo mwingine wa kunifafanulia. Hapo ndipo nilipoapa kwamba kazi ya kunakili nitaifanya palepale, msimulizi akiwa ameketi kando yangu.

Kipakatalishi kipya sikukimudu. Nilichoweza kukinunua ni kompyuta ya mezani iliyouzwa na ofisi moja kama chuma chakavu, pamoja na kiwambo bapa cha inchi 15. Fundi mmoja wa redio na kompyuta, mzee ambaye mtaani sote twamwita Ami, alikubali kunielekeza kwa sharti kwamba kila kitu nikifanye kwa mikono yangu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa umeme. Kompyuta ya mezani ina kisanduku kinachobadilisha umeme wa ukutani wa volti 240 kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Ami alinikataza katakata kukifungua kisanduku hicho, kwa kuwa ndani yake umo umeme uliohifadhika ambao waweza kumdhuru mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Tulikiacha kando, badala yake tukatumia kibao kidogo kinachopokea volti 12 za betri na kuzigawa kama bodi inavyotaka. Kiwambo changu nacho kilikuwa cha aina inayokula volti 12, hivyo kikaunganishwa na betri ileile kupitia fyuzi. Betri yenyewe ilikuwa ya sola, ya ampea 18 kwa saa. Ukizidisha kwa volti 12 wapata wati 216 kwa saa moja, na mtambo wangu ulikula wati zipatazo 70. Kwa hesabu ya karatasi ni saa tatu. Hata hivyo, betri ya risasi huharibika mapema ikizoeshwa kushuka chini ya nusu, kwa hiyo nilijipimia saa moja na nusu, kisha nikazima.

Kosa langu kubwa nililitenda siku ya pili. Nililaza bodi moja kwa moja juu ya bati, nikawasha. Cheche moja, harufu ya kuungua, na bodi ikawa imekufa. Ami hakunigombeza. Alichukua vijiguu vidogo vya shaba vinavyoinua bodi isigusane na chuma, akaviweka kiganjani mwangu, akasema: "Mwanangu, chungu hakikai jikoni bila mafiga." Tangu siku hiyo vijiguu vile tumeviita mafiga. Nilinunua bodi nyingine iliyotumika, nikaisimamisha juu ya mafiga yake ndani ya kasha la plaiwudi, nikatoboa matundu ya feni, na mashine ikawaka. Ilikuwa na uzito wa kilo 12. Niliibeba kwa bodaboda hadi kijijini, na kwa msimulizi wangu wa pili sikubakiwa na alama hata moja ya kuuliza.

Msomaji asidhani kwamba kasha hili ni kioja. Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 11 na kiwambo cha inchi 5, wala haikuwa na betri ndani yake. Katika muongo wa 2010, vijana wa Afrika Magharibi walijulikana kwa kuunda kompyuta za vipuri vilivyotupwa ndani ya mitungi ya plastiki ya lita 20, kwa wazo lililoanzia Ufaransa. Kasha langu ni ndugu mdogo katika ukoo huo.

Sasa nije kwenye lugha. Tazama istilahi tunazojivunia: kicharazio, kiwambo, kipanya, kipakatalishi. Ni maneno mazuri. Kiwambo chatukumbusha ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, na kipakatalishi chatukumbusha mtoto anavyopakatwa. Lakini yote hutaja yale yanayoonekana au kuguswa mashine ikiwa imefungwa. Najua kwamba kamusi za istilahi zimevipa majina baadhi ya viungo vya ndani. Kichakataji ni mfano mmoja. Hata hivyo, katika wiki tano nilizokaa kwenye kibanda cha Ami sikumsikia fundi wala mteja akilitamka neno hilo. Tuliliunda mezani, nalo likabaki mezani.

Hali hii si ngeni katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, nayo ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili likapaa juu kutoka kwenye maji yetu, ila kila kilichokuwamo ndani ya chombo kilikuwa na jina la lugha nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa inayostahili heshima. Lakini mtumiaji huyo bado aliketi mbele ya kiwambo. Hakuwa ameshika bisibisi.

Linganisha na jahazi. Mbali na tezi, omo na ngama, tunao mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, tanga na usukani. Baadhi ya maneno ya bahari yana asili ya Kiarabu au Kiajemi, na hakuna anayeyaonea haya. Yalikaa kwa sababu waliounda chombo na waliokisafirisha waliyahitaji kila siku, gizani na katika dhoruba, ambapo neno lisiloeleweka lingeweza kuwazamisha. Kwa hiyo hoja yangu hailengi ukopaji. Fundi akisema bodi, ramu na feni, na aseme. Ninachodai ni kwamba neno hudumu likizaliwa mahali linapohitajika. Mafiga yalizaliwa hivyo, juu ya bodi iliyoungua.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba ningenunua kipakatalishi cha mtumba, chepesi na chenye kutumia umeme mchache. Kwa uzito na umeme, nakubali bila ubishi, na asiye na haja kama yangu asijitwishe kilo 12. Lakini katika vipakatalishi vingi viungo vimebanwa au kulehemiwa kwa namna ya kila mtengenezaji, ilhali bodi za kompyuta za mezani hufuata vipimo vya pamoja vilivyoenea tangu mwaka 1995. Kiungo kikifa, waokota kingine kwenye lundo la fundi yeyote, uwe Malindi, Kilifi au Mtwapa. Na huku kwetu, ambako upepo wa bahari huleta chumvi inayokula shaba na bati, viungo hufa mara kwa mara.

Pingamizi ya pili ilitoka kwa mwenzangu wa fasihi, aliyeniuliza kwa nini niache tenzi nishike bisibisi. Nilimjibu kwamba sikuacha chochote. Nilishika bisibisi ili ngano isipotee, na nikiwa kazini nikakuta lugha inaundwa mbele ya macho yangu pasipo kamati. Mwanafunzi wa Kiswahili anayepuuza kibanda cha fundi ni sawa na mtafiti wa methali anayepuuza wazee.

Nawapendekezea wanachama na wahadhiri wetu jambo moja. Kabla ya kuitisha warsha nyingine ya kubuni istilahi, kila tawi na liwatume wanafunzi wawili kwa fundi wa mtaani, wakae naye kwa mwezi mmoja, wafungue na kufunga, na waandike kila neno litumikalo: la kukopa, la kubuni, hata la mzaha. Maneno hayo yaletwe chamani yajadiliwe, na yatakayofaa yarudishwe kibandani yapimwe tena. Ami tayari ameniahidi kwamba mlango wake uko wazi, mradi wageni wake waje na bisibisi zao wenyewe.