Mbwa wa Nyumbani: Tumchague Yupi?

Familia moja hapa Sumbawanga imetuuliza: ifuge Labrador au Golden Retriever? Aina zote mbili zilikuzwa Uingereza ili kumletea mwindaji ndege aliowapiga risasi; ni mbwa wapole kwa watoto, wala si walinzi hodari. Golden ana manyoya marefu yanayodai kuchanwa mara kwa mara. Labrador ana mafupi, ila ni mlafi na hunenepa upesi. Kwa matope ya masika ya Ufipa, sisi tungemchagua Labrador.

Lakini kwanza tujiulize: nani atampeleka kuchanjwa kila mwaka? Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa mtu hakina tiba. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa ni salama kwa watoto wetu kuliko mgeni wa fahari asiyechanjwa.