Shahada ya Kamiti si Zawadi kwa Mfungwa

Taja shahada ya mfungwa mbele ya mzazi Mkenya anayehangaika na karo, nawe utajibiwa papo hapo: mwanangu hajaua mtu, mbona yeye akose mkopo wa masomo wa HELB na muuaji asomeshwe bure? Swali hilo lina uzito. Watetezi wa masomo gerezani hukosea wanapolipuuza kana kwamba ni chuki tu.

Marekani walilifuata hadi mwisho. Mwaka 1994 sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton iliwaondoa wafungwa katika ruzuku za Pell, zinazowasaidia wanafunzi wa vyuo wasiojiweza. Hoja ilikuwa hii hii ya mzazi wetu. Kumbe wafungwa walikuwa wakipata chini ya asilimia 1 ya fedha zote, na kwa kuwa kila mwombaji hupimwa kwa hali yake, hakuna kijana wa nje aliyekosa ruzuku kwa sababu yao. Mlango huo haukufunguliwa tena kikamilifu hadi Julai 2023.

Huku kwetu lalamiko hilo limekosa hata mlengwa. Wafungwa waliosomea sheria katika magereza ya Kamiti, Kenya, na Luzira, Uganda, walisajiliwa na Chuo Kikuu cha London kwa masomo ya masafa, wakifadhiliwa na shirika lililoanzishwa na Mwingereza Alexander McLean mwaka 2007, ambalo leo linaitwa Justice Defenders. HELB haikuguswa. Na faida yake haikuishia kwa waliosoma.

Susan Kigula alihukumiwa kunyongwa Uganda mwaka 2002. Kesi iliyobeba jina lake pamoja na wenzake 417 iliendeshwa na mawakili, yeye akiwa bado hajasomea sheria. Januari 2009 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba hukumu ya kifo isiyomwachia jaji hiari ni kinyume cha katiba. Baadaye Kigula akaanza kusoma sheria humo humo gerezani, akawa anawaandalia wenzake hoja za rufaa, hadi alipoachiliwa mwaka 2016. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifika hapo Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu. Ushindi mkubwa, lakini baada yake kila aliyehukumiwa kifo alilazimika kurudi mahakamani kuomba apimiwe adhabu upya. Nani wa kuwaandikia maombi watu hao wote? Mwaka 2021 mahakama ile ile ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kesi za mauaji tu, si za wizi wa mabavu, na waliokuwa wameanza kutumaini wakahitaji mtu wa kuwaeleza kilichotokea. Wakili wa kulipwa hana haja ya kupitia gerezani. Mfungwa aliyesoma sheria analala chumba kimoja nao.

Ndiyo maana siioni shahada hii kama zawadi kwa mtu mmoja. Kwa mahabusu asiyejua hata kuomba dhamana, ni huduma ya umma ambayo serikali haijaigharamia.

Tatizo ni kwamba huduma hiyo imesimama juu ya hisani. Mfadhili akichoka, darasa limekwisha. Mkuu wa gereza akibadilishwa, vitabu huenda vikafungiwa stoo. Nelson Mandela aliyaona hayo Robben Island: wakuu wa gereza walipogundua maandishi ya tawasifu yake, walimnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Shahada yake ya sheria aliipata mwaka 1989, bado akiwa kifungoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina lake zinataka elimu ya gerezani iungane na mfumo wa elimu wa nchi. Sisi tumeiunganisha na London, na mwanafunzi wa Kamiti anajifunza sheria za Uingereza huku jirani yake akisubiri kuelezwa za Kenya.

Mtu atasema tunacho Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023. Kweli, ila masomo yake yako mtandaoni, na gerezani simu ni magendo. Chumba kimoja chenye kompyuta zinazofungua tovuti ya chuo peke yake kingelitatua hilo, na mfungwa alipe karo kwa mkopo, kama mtoto wa yule mzazi. Sioni kwa nini asidaiwe.

Lakini mdaiwa atalipa kwa mshahara, na mshahara wenyewe unapitia kwa polisi. Mwajiri huomba cheti cha maadili mema kinachotolewa na polisi, na hatia ya zamani imeandikwa humo. Bunge lisipoweka muda ambao baada yake rekodi ya aliyemaliza kifungo haitaonyeshwa kwa kila mwajiri, HELB nayo itakuwa na haki ya kuuliza inamkopesha nani.