Siku Huanza Jua Likizama

KUTOKA MLIMANI
Na Wairimu Gitahi

Ukifika sokoni Chaka saa kumi na moja alfajiri utawakuta watu walioanza kazi zamani. Malori ya kabichi na vitunguu kutoka mashamba ya Kieni yameshaegeshwa, mikokoteni inasukumwa gizani, na mvuke wa chai vibandani ni mzito kiasi kwamba humwoni vizuri anayekumiminia. Mlima Kenya, kama mawingu yameondoka, ni kivuli cheusi tu upande wa mashariki. Ukimwambia mtu hapo kwamba siri ya maisha mazuri ni kuamka mapema, atakuangalia asijue amjibu nini mgeni huyu.

Ushauri huo umenichosha. Unaletwa kwenye simu zetu kila wiki: amka saa kumi na moja, fanya mazoezi, soma kitabu, utaona maisha yakibadilika. Huenda unamfaa mtu anayeamka saa mbili. Huku kwetu, anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa ameshakamua na kufikisha debe barabarani kabla gari la kukusanya maziwa halijapita, na gari hilo halimngoji mtu. Mama mboga anayechukua mzigo hapa na kwenda kuuza Nyeri mjini hana asubuhi ya kuongezewa. Nadhani watu wa Chaka, Karatina, Naro Moru na Nanyuki ni mabingwa wa kuianza siku. Kazi inayotushinda ni kuifunga.

Juma lililopita nilikaa na mama mmoja anayeuza viazi, nikiwa kwenye kiti cha kukunja kando ya magunia yake. Alikuwa ameamka saa tisa na nusu usiku, na angeondoka sokoni saa moja jioni, kama kila siku isipokuwa Jumapili. Tulipokuwa tukizungumza, simu ililia kwenye mfuko wa aproni yake. Akaitoa, akasoma, akailaza juu ya gunia, kioo kikiangalia chini. Haikupita dakika moja akaichukua tena. Ulikuwa ujumbe wa kumkumbusha mkopo ambao siku yake ya kulipwa ilikuwa haijafika. Alinieleza kwamba ujumbe kama huo humfikia hata akiwa kitandani, na kwamba usiku hupiga hesabu ileile mara tatu au nne: ada ya mtoto, bei ya gunia, salio la mkopo. Asubuhi hesabu iko palepale alipoiacha, ila yeye amechoka zaidi.

Namwelewa, kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa hivyo. Safu hii nilikuwa nikiiandika saa saba usiku, simu ikiwa kando ya mto. Nikaanza kuumwa kichwa upande wa kisogo, nikapimwa, presha ikawa juu. Daktari aliponiuliza nalala saa ngapi nilitaja saa nne. Akauliza tena, taratibu: je, ni saa ngapi ninapoacha kazi? Sikuwa na jibu. Hakukuwa na saa kama hiyo nyumbani kwangu.

Jibu nilikuja kulikumbuka baadaye, na nililipata mbali sana na mlima. Nilipokuwa mwalimu kijana kule Lamu, bibi mwenye nyumba alinialika chakula cha usiku wa Ijumaa. Nikajipamba, nikafika Ijumaa baada ya magharibi. Karamu ilikuwa imeliwa jana yake. Bibi alisikitika kuliko mimi, akanikalisha barazani na kunieleza jambo ambalo kila mtoto wa pwani hulijua: usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Jua la Alhamisi likizama, Alhamisi imekwisha na Ijumaa imeingia. Usiku ndio unaokuja mbele, kisha mchana.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Sisi tuliozoea siku inayoanza alfajiri na kukatwa na saa sita usiku, usingizi kwetu ni makombo: kinachosalia baada ya kazi, televisheni na simu kula sehemu zao. Kwa hesabu ya yule bibi, mapumziko ni sehemu ya kwanza ya siku. Mtu hulala kwanza ndipo akafanya kazi, na anayekula usiku wake ameila siku kabla haijapambazuka.

Hapa kwetu hesabu hiyo ingetufaa kuliko mahali pengi. Tuko jirani na ikweta, ile wanayopigia picha watalii pale Nanyuki, na jua letu halibadiliki kwa misimu. Mwaka mzima hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi. Huko Ulaya Kaskazini jioni ya Juni na ya Desemba hazifanani hata kidogo. Yetu ni ileile, na baridi inayoshuka kutoka mlimani inamwambia kila mtu kwamba mchana umekwisha. Tumepewa kengele ambayo haijawahi kuchelewa, nasi tumewasha taa ya stima na kuendelea kupakua mzigo.

Ninachofanya siku hizi ni kidogo, na sitakifanya kionekane kikubwa. Jua likizama nachukua daftari. Mwenye duka yeyote Chaka anajua kufunga hesabu: pesa zilizoingia, zilizotoka, nani kakopa. Mali bila daftari huisha bila habari, na duka lisilofungwa hesabu jioni hufilisika mwenyewe asijue lini. Basi nami nafunga, ila hesabu yangu ni ya kazi. Naandika yaliyobaki na ya kesho, kila moja kwa maneno kamili. Siandiki "ng'ombe". Naandika "kumpigia daktari wa mifugo kuhusu yule ndama, kabla ya saa tatu." Kisha nafunga daftari na kuiacha simu jikoni juu ya kabati la vyombo, mbali na kitanda.

Mwaka 2018 mtafiti Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti waliowafanyia vijana 57 waliolala katika maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, kila mmoja aliandika kwa dakika tano. Wengine waliandika kazi walizomaliza siku zilizopita, wengine kazi zinazowangoja. Mtu angedhani kwamba kuandika kazi zinazongoja kungewasumbua. Ilikuwa kinyume: waliopanga ya mbele walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo kamili ndivyo usingizi ulivyokuja haraka. Vijana 57 ni wachache, na maabara si Kieni. Lakini nilipousoma nilijua wanachokisema. Jambo lililoandikwa halina haja ya kukuamsha saa nane kukukumbusha kwamba lipo.

Ukitaka mwalimu wa karibu zaidi, muulize mfugaji yeyote anayepeleka maziwa kiwanda cha New KCC pale Kiganjo. Ng'ombe wa maziwa mwenye malazi mazuri hulala chini kati ya saa 10 na 12 katika kila saa 24. Akiwa amelala hivyo hucheua, na damu hupita kwa wingi zaidi kwenye kiwele. Mfugaji analijua hilo kwa macho. Ndiyo maana anabadilisha matandiko, anaondoa matope zizini, na anamkemea mtoto anayemwinua ng'ombe bila sababu. Ng'ombe akikamuliwa saa hii leo na saa nyingine kesho, maziwa hupungua. Mkulima wetu anaweza kukueleza haya yote kwa nusu saa, kwa upendo, kisha akaingia ndani na kulala saa nne tu huku simu ikimwangazia uso. Nimewaona, na baba yangu alikuwa mmoja wao, ingawa yeye hakuwa na simu. Alikuwa na redio na wasiwasi wa kahawa.

Sitaki mtu asome hapa kwamba umaskini unatibiwa kwa daftari. Yule mama wa viazi anafanya kazi zaidi ya saa 15 kwa siku, siku sita, jumla saa 93 kwa wiki. Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huwa na hatari ya kupata kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kubwa kwa asilimia 17. Yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na saa ndefu za kazi. Mama wa viazi ameivuka 55 kufikia Alhamisi mchana.

Kwa hiyo wapo wengine wanaopaswa kusikia safu hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwenye hoteli, mwenye duka la pembejeo, mwenye shamba la maua, wewe unayempigia kijana wako simu Jumapili kuuliza ufunguo uko wapi: siku ile ni yake kisheria. Na yeyote anayetuma ujumbe wa deni saa nne usiku aelewe kwamba haujaharakisha malipo hata kwa dakika moja. Umemwibia mtu usingizi ambao ndio mtaji wake wa kesho.

Zamani deni lilikuwa na saa zake. Benki ilifungwa alasiri, na mkopeshaji alilazimika kukufuata kwa miguu yake, akafika kijijini akiwa na vumbi, akapewa chai. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tumepata urahisi ambao sitaki kuurudisha. Mama wa viazi hulipwa bila kubeba noti kiunoni, na hilo limeokoa wengi. Lakini soko limeingia mfukoni nalo, na soko la mfukoni halina askari wa kufunga lango jioni. Lango hilo tutalifunga wenyewe, kila mtu kwake, na mwanzoni ni vigumu. Wiki ya kwanza niliinuka mara mbili kwenda jikoni kuiangalia simu. Wiki ya pili mara moja. Presha yangu imeshuka. Dawa imesaidia, na daktari anasema usingizi umesaidia pia.

Niliporudi sokoni Jumanne nilimpelekea yule mama daftari dogo, lile la kurasa 32 wanalotumia watoto wa shule. Alilipokea, akaniuliza kama anaweza kuandika mikopo ya wateja upande mmoja na mambo ya kesho upande wa pili. Nikamwambia hiyo ni nzuri kuliko yangu. Akaligeuza, akaandika mstari mmoja ukurasa wa mwisho kwa kalamu iliyofungwa uzi, akalitia mfukoni palepale simu inapokaa.

Naandika haya Alhamisi, jua limezama nyuma ya safu za Nyandarua. Daftari langu lina mambo manne: kutuma safu kabla ya saa tatu, chumvi ya ng'ombe, kumwona fundi wa tangi, kumpigia dada Naro Moru. Kwa hesabu ya Lamu, Ijumaa imeshaingia.