Jina la mama ya mama

Juma hili tunaanzia tena kwenye kelasi, maana ndiko tunakoshinda.

Tuliwapa watoto wa mwaka wa tano kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike majina ya makoko wake wanne, baba na mama ya baba yake, baba na mama ya mama yake. Tulidhani ni kazi nyepesi. Kesho yake tukakusanya kaye, tukaanza kusahihisha, na kalamu nyekundu ikatushinda. Kwa baba ya baba, karibu kila mtoto alikuwa na jina kamili, wengine hata na jina la kijiji. Kadiri tulivyoshuka kwenye ukurasa, majina yalipungua. Mstari wa mwisho, mama ya mama, tulisoma "Koko", "Koko wa Mangobo", "Mama Joseph", "Koko alikufa". Mtoto mmoja alichora kitambaa cha kichwa, basi. Hatukumpa sifuri.

Jioni ile tukajipa sisi wenyewe kazi ileile, ila tukaongeza ngazi moja. Koko yetu, mama ya mama, jina tunalo. Lakini mama yake yeye? Tuliketi na kalamu mkononi mpaka taa ikaisha mafuta.

Mnajua inakoanzia. Msichana akizaa mtoto wa kwanza, jina lake linalala. Kuanzia siku ile ni Mama Joseph, Mama Chantal, Mama Mapasa. Ni heshima, na sisi tunaipenda, hata sokoni tunaitikia kwa furaha. Lakini heshima hii ikiingia kwenye karatasi inatuharibia. Tunamjua msichana mmoja aliyefiwa na mama yake hapa mjini. Mama alikuwa na parsele aliyoinunua kwa jasho la kuuza samaki. Karatasi ya parsele ilikuwa na jina lake la kuzaliwa. Karatasi zote za mtoto, tangu masomo ya msingi, ziliandikwa "Mama Chantal" mahali pa jina la mama. Mtoto alitembea miezi mingi kutafuta mashahidi wa kusema kwamba mama yule na mama huyu ni mtu mmoja. Mashahidi wenyewe ni wazee, na wazee hawangoji.

Tukiwa katika mawazo hayo tulikumbuka habari ya jamaa moja ya Marekani ambayo tuliwahi kuisoma, tukaitafuta tena. Ni jamaa ya mama yake Michelle Obama, yule mke wa Rais Barack Obama. Habari za upande wa Rais mnazijua: baba yake ni Mluo wa Kenya, na koko yao Mama Sarah wa Kogelo alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 99. Upande ule ukoo unahesabika kwa mdomo, baba kwa baba, kama wazee wetu wanavyohesabu. Upande wa mke ndio uliokuwa giza, kwa sababu wakubwa wake walikuwa watumwa.

Mwaka 2009, Obama alipokuwa ameingia ikulu, mtafiti wa koo Megan Smolenyak na mwandishi wa gazeti la New York Times, Rachel Swarns, walifuata nyuzi za jamaa ile. Walifuata karatasi moja baada ya nyingine: hesabu za watu, vyeti vya ndoa, vyeti vya kifo, wasia. Wakafika mwaka 1850, huko South Carolina, kwenye wasia wa mzee mmoja mwenye shamba. Mzee yule alikuwa anagawa mali yake kabla hajafa: vyombo vya kusokota nyuzi, mundu, vitambaa vya meza, ng'ombe. Katikati ya vitu hivyo kuna mtoto wa miaka sita, msichana mweusi, jina lake Melvinia. Baadaye wakamwekea bei: dola 475.

Sisi tuliosoma mstari ule tuna watoto wa miaka sita mbele yetu kila asubuhi. Ni wale ambao bado wanafungiwa kamba za viatu.

Mzee alipokufa, mwaka 1852, Melvinia alipelekwa mbali, Georgia, kwa warithi wengine walioitwa Shields. Hatuoni popote kwamba mtu wake mmoja alikwenda pamoja naye. Kule alikua, akafanya kazi ya shamba, na karibu mwaka 1859, akiwa bado kijana kabisa, akazaa mtoto wa kiume, Dolphus. Baba ya mtoto alikuwa mzungu. Kwa miaka zaidi ya 150 hakuna aliyeandika ni nani. Mwaka 2012 vipimo vya ADN kwa wajukuu wa pande zote mbili vilionyesha kwamba ni Charles, mtoto wa bwana wake. Mapenzi au nguvu? Karatasi hazisemi, lakini sisi wamama tunajua mtumwa hana mdomo wa kukataa.

Kwa nini ilikuwa kazi kubwa kumpata? Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1850 na ile ya 1860, watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao: umri, mwanamume au mwanamke, rangi ya ngozi. Jina hapana. Ni hesabu ya mwaka 1870, baada ya utumwa kufutwa, ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao. Melvinia yumo, ana miaka 26 hivi, ana watoto wanne, na wote wanabeba jina la Shields.

Halafu anafanya kitu ambacho kilitugusa kuliko yote. Alipokuwa mtu mzima aliondoka kwenye eneo la mabwana wale, akahamia sehemu nyingine ya Georgia, akakaa karibu na Mariah na Bolus Easley. Hawa walikuwa watumwa pamoja naye kule South Carolina alipokuwa mtoto. Fikirieni: miaka imepita, vita imepita, yeye hajui kusoma, na bado aliwapata watu waliomjua kabla hajapelekwa Georgia. Mtoto wake Dolphus akamwoa Alice, binti wa Easley. Ukoo ukaendelea kutoka hapo. Dolphus akawa seremala huko Birmingham, Alabama, akapata nyumba yake mwenyewe ya kuishi na akasaidia kuanzisha makanisa, akafa mwaka 1950 na miaka 91. Mtoto wake Robert Lee. Mtoto wa Robert Lee ni Purnell, aliyehamia Chicago, fundi na mpenda muziki wa jazi. Mtoto wa Purnell ni Marian, aliyezaliwa mwaka 1937, yule koko aliyekaa ikulu kulea wajukuu wakati binti na mkwe wako kazini. Marian alifariki mwaka 2024. Mtoto wake ni Michelle. Kutoka kwa Melvinia mpaka kwa Michelle ni vizazi sita.

Na juu ya Melvinia? Hapo uzi unakatika. Alifariki mwaka 1938, Georgia, akiwa mzee sana. Kwenye cheti chake cha kifo kuna mahali pa kuandika jina la baba na jina la mama yake. Ndugu aliyejaza cheti alijibu: hajui. Watafiti wenye vitabu na mashine za kila namna wamefika kwenye neno lile wakasimama. Mama aliyemzaa Melvinia, aliyembeba mgongoni, hana jina popote.

Tulirudi kwenye kaye za watoto wetu. Sisi hatukuandikwa pamoja na ng'ombe, ni kweli. Lakini tuna kisanduku cha bati nyumbani, na ndani yake kuna kitabu cha kazi cha baba ya koko yetu, aliyekata ngazi za mawese kwenye shamba kubwa moja chini ya mto, siku za Wabeleji. Jina lake liko, namba yake iko, alama ya kidole chake iko. Halafu chini, kwa mkono wa karani: mke 1, watoto 4. Mke moja! Yule "1" ndiye mama tuliyekuwa tunamtafuta. Kisanduku kile koko alikimbia nacho kichwani mwezi wa sita mwaka 2000, vita ya siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu. Sisi tulikuwa watoto, tulibeba sufuria. Jirani wengi walirudi wakakuta nyumba na karatasi zote majivu. Kisanduku chetu kilipona, koko akaishi miaka mingine kadhaa, na hakuna kati yetu aliyemwuliza: koko, huyu mke mmoja aliitwa nani? Tulikuwa tunamwuliza chakula kiko wapi.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita tulivuka mto kwenda Lubunga, kwa mdogo wake koko. Ni mama mzee sana, masikio yamechoka, lakini kichwa ni kizima. Hapa tuwape wamama siri moja ya kazi yetu, maana tuliona inasaidia: mzee usimwulize mwaka. Ukimwuliza mwaka anajisikia kama yuko kwenye mtihani, ananyamaza. Mwulize kama ilikuwa kabla ya uhuru au baada yake. Kama mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville, maana jina la Kisangani lilikuja mwaka 1966. Kama ilikuwa wakati wa Simba, mwaka 1964, au wakati ule wa 1972 Mobutu alipokataza majina ya ubatizo na kila mtu akatafuta jina la wakubwa. Na anza na chakula au maombolezo, usianze na majina. Sisi tulianza na fumbwa.

Alizungumza juu ya fumbwa, juu ya shamba la mawese, juu ya kaka yao aliyekwenda na Simba na hakurudi. Kisha tukauliza: na mama yenu, jina lake? Akatutazama kama vile tumepoteza akili.

"Unaniuliza mimi," akasema, "na dada yako mdogo analibeba?"

Dada yetu wa mwisho anakaa Kinshasa. Ana jina la ukoo wa baba, ana jina la ubatizo ambalo wote tunamwita, na katikati kuna jina la pili, la kikwetu, refu, ambalo halipendi. Kule masomo walimcheka, tangu hapo anaandika herufi moja na nukta. Mama yetu anakumbuka tu kwamba siku dada alipozaliwa koko alikuja na jina lile tayari, akasema mtoto ataitwa hivi, na mtu hakumwuliza sababu. Tumeishi na mama yule ndani ya nyumba zaidi ya miaka ishirini, tukamfupisha kuwa herufi moja.

Basi kabla hamjavuka mito, tazameni kwanza majina ya pili ya watoto wenu na ya ndugu zenu. Tangu mwaka ule wa 1972 makoko wengi walijificha humo. Kila jina la pili lina mtu aliyelileta na mtu aliyelibeba kwanza. Ulizeni ni nani.

Na kwa wale wenye watoto wachanga: Sheria ya Jamaa ya nchi yetu inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye biro ya komini, na kuandikisha ndani ya siku hizo ni bure. Mahali pa jina la mama mtamke jina lenu la kuzaliwa, lote, na msimame mpaka muone karani ameliandika sawasawa. Kule masomo nasi tumeanza kusahihisha rejista. Mtoto akituambia mama yake ni "Mama Chantal", tunamrudisha nyumbani na karatasi kidogo. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba tunachunguza siri za nyumba yake. Tulimwomba jina la mke wake. Ilibidi apige simu.

Usiku wa Jumamosi tulimpigia dada Kinshasa. Tulimweleza yote, kisanduku, "mke 1", fumbwa, mto. Alikaa kimya mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha akataka tumtamkie jina lile polepole, kama koko mdogo alivyolitamka, kwa sababu kwenye cheti chake cha kuzaliwa limeandikwa kwa njia moja na kwenye diploma kwa njia nyingine, na sasa anataka kujua ipi ni ya kweli. Hatukuweza kumjibu. Jumapili tutavuka tena, na simu yenye moto wa kutosha, wazungumze wao wawili.