Riwaya ya Jahazi Ataiandika Nani?

Nikiwa mazoezini kufundisha Tukuyu, tulisoma na kidato cha tatu kifungu kimoja chenye jahazi ndani yake. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akauliza: "Mwalimu, kama upepo unatoka kulekule chombo kinakokwenda, kinafikaje?" Nikamjibu kwamba wanakunja tanga na kusubiri. Nilibuni tu. Jioni nikafungua kamusi, kumbe neno lipo: kubisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo. Na ndugu zake wapo pia. Foromali, ule mti unaobeba tanga. Demani, kamba ya kulishikia. Ngama, kule chini maji yanakojikusanya. Maneno ya kazi kabisa, lakini sikumbuki riwaya hata moja niliyosomeshwa ambamo mtu anayatamka huku amelowa.

Hapo ndipo naona tuna deni. Ulaya, meli za tanga ziliposhindwa na za moshi, Joseph Conrad, Mpolandi aliyekuwa baharia, aliandika habari za watu wake. Huku kwetu tanga lilidumu zaidi. Kila kaskazi vyombo vya Arabuni na Ghuba vilishuka Lamu, Mombasa na Unguja na tende na samaki wa chumvi. Kusi ikianza, vinarudi na boriti za mikoko ya Rufiji. Aliyepanda na kuandika ni Mwaustralia, Alan Villiers. Mwaka 1938 hadi 1939 alisafiri na bumu la Kuwait (siyo bumu tunalolisubiri sisi, jamani), na kitabu kikatoka 1940. Kizuri, ila ni macho ya mgeni, na siyo riwaya.

Utaniambia ipo Kuli ya Adam Shafi, ya 1979. Naipenda sana. Lakini Rashidi ni mtu wa bandarini, na moyo wa kitabu ni mgomo wa 1948. Bahari inaishia gatini. Abdulrazak Gurnah naye, katika By the Sea ya 2001, anawaleta wafanyabiashara wa musimu mpaka unasikia harufu ya udi, ila kwa Kiingereza. Kilichotafsiriwa 2022 ni Peponi, na safari yake ni ya bara, kwa miguu.

Mwenzangu wa chumbani alinicheka: "Wewe wa Rungwe, ndizi na chai na mvua, jahazi la nini?" Nikamuuliza vyungu vya kwao vinatoka wapi. Vinafinyangwa na Wakisi kule Ikombe, vinavushwa kwa mitumbwi Ziwa Nyasa hadi sokoni Matema, ndipo vinapanda mlima. Alinyamaza kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Sasa nawaambia ninyi wa Kilwa, Mafia, Pemba na Tanga mliojaa kwenye hosteli zetu. Babu aliyepanda jahazi akiwa kijana wa miaka 15 mwaka 1955 sasa ana zaidi ya 80. Likizo hii mwekee simu karibu, mwache aseme, usimkatize kwa maswali ya darasani. Muulize alikula nini, nani alikuwa anapiga kelele usiku, waliogopa nini. Riwaya inaanzia hapo, hata kama atakayeiandika siyo wewe.

Mimi nimeshachora mchoro wa kubisha kwenye karatasi ya manila. Nikirudi Tukuyu naanzia dawati la nyuma.