Mwizi wa Filamu Tunamlilia, wa Mtaani Tunamrekodi

Wasee, ni nani aliyetazama Nairobi Half Life akataka Mwas ashikwe? Tangu filamu hiyo itoke 2012 sijakutana na hata mmoja. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa siku ya kwanza tu mjini, na kabla hujatulia kwa kiti ashajiunga na Oti na genge lake, wanang'oa vipuri vya magari. Magari ya watu! Na sisi hapo tunaomba asionekane. Polisi wakitokea, roho inaruka.

Sasa toka nje. Mtu apige kelele "mwizi!" pale stage uone vile huruma hiyo yote inayeyuka. Hakuna anayeuliza kijana ametoka wapi, ama kama kweli ni yeye aliyechukua hiyo simu. Ni mawe, tairi, na duara la watu wameinua simu wanarekodi. Jioni video imefika kila grupu ya WhatsApp na chini yake emoji za kucheka.

Kuna wale husema ati filamu ndizo hufundisha vijana wizi. Tafadhali. Kama zingekuwa na nguvu hiyo, si Mwas angetufundisha huruma? Ukweli ni kwamba kwenye skrini hatumpendi binadamu, tunampenda steringi. Yeyote aliyewahi kuketi kwa kibanda cha video akimsikiliza DJ Afro anajua sheria: steringi hafi. Wanaokufa ni maadui, kumi kwa dakika, hawana jina wala mama, na vile wanachongolewa ndivyo tunavyozidi kucheka. (Msinishambulie, DJ Afro nampenda. Kuchukua filamu ya Kihindi ukaifanya isikike kama imetokea Githurai si kazi ya kila mtu.)

Kwa kibanda hiyo haina shida, aliyeanguka ni mwigizaji na ameenda kwao. Lakini pale stage tumebeba macho yale yale. Ukishainua simu unajiona mtazamaji, na mtazamaji halaumiwi, kwa sababu hawezi kuingia ndani ya skrini akazuia kitu. Wewe ulikuwa hatua tano kutoka kwa huyo kijana. Ungeweza kuita polisi. Ungeweza angalau kukataa kutuma hiyo video, lakini uliiongezea na wimbo kabisa.

Najua jibu lenu: "Wewe hujawahi kuibiwa." Nimeibiwa simu mara mbili, na hasira ninaijua. Lakini wenye yale magari kwenye filamu nao wangekuwa na hasira hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa upande wao.

Pengine iko video kama hiyo kwa simu yako sahii. Huyo kijana alikuwa anaitwa nani?